Shimo la Kidole kwenye Kidari cha Mtamba

Gatsata nzima, hapa Kigali, kuanzia juu kwenye viraro vya ng'ombe mpaka chini barabarani kwenye magereji, ng'ombe akivimba wanakuja kuniita mimi. Si kwamba nimesoma. Shule niliiacha darasa la nne, Bujumbura, na sijawahi kuilialia. Yote niliyo nayo yametoka kwenye mikono hii: gereji yenye paa la kweli, nyumba ya matofali ya kuchoma, kiraro cha sementi chenye mfereji ambao wengi wamekuja kuuangalia ili wakauige kwao. Watu wenye madigrii wananiletea magari yao na wananishikia tochi nikiwa chini ya injini. Sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu ndivyo ilivyo.

Na katika mambo ya ng'ombe, uvimbe ndio ninaouweza kuliko vyote. Mtu wa kawaida akiona kitu kimetokeza anasema "amevimba," basi, anakimbilia wembe. Mimi sisemi kitu. Naweka kiganja kwanza, natulia. Ukiwa wa moto na ng'ombe anaruka ukimgusa, humo usaha unapikwa. Unauacha uive, na hata ukiiva unaingiza sindano nene uone kinachotoka kabla hujapasua. Ukiwa mgumu juu ya taya, hausogei, huo umekaa kwenye mfupa na utakusumbua muda mrefu. Tezi zikijaa chini ya sikio na mbele ya bega, na mnyama anachemka homa, hapo tafuta kupe, hiyo ni ndigana. Na ukiwa tumboni, laini, ukiusukuma unaingia, ukitoa mkono unarudi, tupa wembe mbali. Hayo ni matumbo yamepita kwenye tundu la nyama. Kuna mwanaume mmoja huku kwetu alipasua akidhani ni jipu, utumbo wa ng'ombe wake ukamwagika kwenye matope watoto wake wakiangalia. Nilifika nikakuta amekaa chini anajaribu kuurudisha kwa mikono. Angeniita mapema.

Halafu kuna uvimbe mmoja nisioupenda. Ni wa baridi. Hauumi. Ukiubonyeza kwa kidole gumba kisha ukaondoa kidole, shimo linabaki, kama umebonyeza unga uliokandwa. Huo si uvimbe wa pale ulipo. Pale pana maji tu, yametoka kwenye mishipa yakateremka mpaka yalipopata nafasi, kwa sababu mbali huko ndani kuna kitu kimeshindwa kazi yake. Unaweza kukanda, unaweza kupaka, unafanya kazi ya bure.

Shimo hilo nililiona mara mbili ndani ya msimu mmoja wa mvua. Mara ya kwanza halikuwa kwa ng'ombe.

Nilikuwa na rafiki, fundi viatu wa Nyakabanda. Jina lake silitaji. Tulikulia mtaa mmoja kule Burundi, watoto wa wakimbizi wote wawili, na Kiswahili hiki ninachokiandika tulikiokota pamoja uwanjani kwa watoto wa wenyeji waliotucheka. Tuliporudi Rwanda yeye alipata kibanda cha kushonea, mimi nilikuwa nalala chini ya lori ambalo sikuwa nalitengeneza, nalilinda tu. Baba yake alikuwa amepata ng'ombe wachache huko mashariki. Mzee alipofariki, yeye akapewa mmoja, mtamba mwekundu. Na yeye, mtu ambaye viatu vyake mwenyewe vilikuwa vya viraka, akamchukua mtamba yule akanipa mimi.

Nilimwambia, "Wewe una wazimu. Mimi sina hata mlango, ng'ombe nitamfunga wapi?"

Akanijibu, "Mfunge kwenye hilo lori lako. Mtu mwenye ng'ombe watu wanamsikiliza. Wewe unaongea sana, sha, na hakuna anayekusikiliza."

Hapo nilianzia. Maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yaliyoninunulia spana zangu za kwanza. Na kwetu ukipewa ng'ombe, mambo mawili yanakufuata maisha yote. La kwanza ni kiapo: ukishangaa, ukikasirika, ukitaka kuaminiwa, unamtaja aliyekupa. Fulani kanipa ng'ombe! Nimelitamka jina la fundi viatu yule maelfu ya mara, mbele ya wateja, mbele ya polisi wa barabarani, hata nikijigonga nyundo kidoleni. La pili ni kwitura, kumrudishia mtamba aliyezaliwa na ng'ombe wake. Si mtamba yeyote uliyemnunua sokoni. Awe wa tumbo lile lile, damu ile ile. Mpaka ufanye hivyo, hata ujenge ghorofa, kuna sehemu yako bado imekaa mlangoni kwake inasubiri.

Na mimi, niliyeweza kila kitu, hilo lilinikatalia. Ng'ombe yule mwekundu alinizalia madume. Dume, halafu dume. Akazaa jike, likafa kwa kuharisha. Dume tena. Alikuwa amezeeka, nimeanza kukata tamaa, ndipo akanizalia jike jekundu kama yeye, lenye doa jeupe kwenye paji la uso. Nililea ndama yule kama yai. Maziwa ya mama yake nilimwachia anyonye mpaka mke wangu akaniuliza kama na sisi tuko kwenye nyumba hii.

Mtamba alipokuwa ameshaanza kuangaliwa na madume, nikaenda Nyakabanda kumwambia rafiki yangu aseme siku. Nilimkuta amekaa kwenye kiti nje ya kibanda chake, miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa amevaa viatu vizuri alivyovishona mwenyewe, na kwa nyuma amevichana kwa kisu, kisigino mpaka chini, ili mguu uingie.

"Unaona?" akasema. "Nimeshonea Kigali nzima, sasa miguu yangu mwenyewe imekataa kipimo."

Mke wake akatoka ndani anapangusa mikono. "Shemeji, afadhali umekuja. Hospitali wametuambia moyo umechoka, wametupa vidonge. Lakini wewe si ndiye daktari wa uvimbe? Hebu muangalie huyu."

"Mimi naangalia ng'ombe, shemeji."

"Na huyu si ng'ombe? Muangalie anavyokula."

Tukacheka wote watatu. Nikainama, nikaweka kidole gumba mbele ya mguu, juu kidogo ya kifundo. Ulikuwa baridi. Nikabonyeza, nikaondoa. Shimo likabaki. Nikalitazama, nikisubiri lijae, na lilikuwa halina haraka.

"Sema," akaniambia rafiki yangu. Alikuwa ananitazama usoni, hautazami mguu.

Nikasema, "Nilikuwa na ng'ombe mmoja alivimba hivi hivi. Akapona, akazaa mara mbili."

Akatikisa kichwa taratibu. Tukapanga Jumamosi ya baada ya Pasaka. Angekuja kwangu na mke wake, apokee mtamba wake mbele ya watu, halafu gari langu limpeleke mtamba Bugesera kwa binti yake aliyeolewa huko, ambaye mume wake hana chochote na watoto wananyweshwa chai ya rangi. "Wajukuu wangu wapate maziwa," alisema, "na mimi nisikie siku moja mtu amesema umenirudishia. Fanya haraka, usiningojeshe kama wateja wako."

Hii ndiyo haraka niliyokuwa nayo. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili kwa nini.

Siku chache kabla ya Pasaka, mfanyakazi wangu wa kiraroni, mtu mzima, mchunga ng'ombe tangu kuzaliwa, mbishi kuliko mbuzi, aniitaye Patro maana mimi ndiye bosi wake, alinipigia simu nikiwa gereji.

"Patro, mtamba wako ameota ndevu."

"Umekunywa nini?"

"Sijakunywa. Njoo uone. Chini ya taya iko kama mfuko."

Nikapanda mlima na ovaroli yangu ya mafuta. Kweli, chini ya taya palikuwa pananing'inia kitu laini kama pochi. Kiganja: baridi. Kidole gumba: shimo.

Sikuogopa, naandika ukweli. Shimo chini ya taya kwa ng'ombe mdogo, mara nyingi, ni minyoo ya ini. Damu inakuwa nyepesi, maji yanachuruzika. Na matete ya kulisha yalikuwa yanatoka bondeni Nyabugogo, kwenye maji maji, kule ambako minyoo hiyo inaishi na konokono. Nikachukua dawa, nikapima kwa uzito wake, nikamnywesha mwenyewe kwa chupa. Nikampigia rafiki yangu simu: "Mtamba wako ana minyoo kidogo, usijali, nimeshamaliza kazi."

"Wewe humalizi kazi," akasema, "wewe unamaliza maneno." Lakini alikuwa anacheka, na kicheko chake kilikatika katikati kwa kukosa pumzi.

Taya lilipungua kidogo. Nikawaonyesha majirani: mnaona? Nikawapa na somo la minyoo. Halafu maji yale yale yakaonekana pengine, chini zaidi, kwenye kidari, kati ya miguu ya mbele. Yakajaa pale mpaka ngozi ikawa inatingishika akitembea. Na kutembea kwenyewe kulikuwa kumebadilika. Hakutaka kuteremka kwenda kwenye hori. Alisimama viwiko amevitoa nje, mgongo ameukunja, na akilala alitoa sauti, si kulia, ni kama mzee anayeinuka kwenye kiti.

Siku ya Jumanne ya wiki ile ya Jumamosi yetu nilimkuta mfanyakazi wangu amewasha moto wa makaa, na chuma kimelala ndani kimekuwa chekundu.

"Nini hiyo?"

"Namchoma. Pale mbele ya bega na chini ya sikio. Baba yangu alichoma, babu yangu alichoma. Uvimbe unaogopa moto."

"Baba yako alichoma ndigana. Hebu leta mkono wako hapa chini ya sikio. Kuna tezi?"

Akapapasa. "Hakuna."

"Homa?"

"Hakuna."

"Basi unachoma nini, kidari? Utachoma maji? Toa chuma hicho, la sivyo nitakuchoma wewe."

"Patro, wewe na gumba lako," akasema, "toka kabla ya Pasaka mnabonyeza tu." Lakini akakitoa chuma, akakitumbukiza kwenye ndoo, kikalia.

Nilibaki peke yangu na mtamba. Nikazunguka upande wa kushoto nimshike shingo nimtulize, na hapo mkono wangu ukakutana na mshipa. Ule mkubwa wa shingo, ambao kwa kawaida huuoni mpaka uubane. Ulikuwa umesimama wenyewe, mnene kama bomba la maji ya kuoshea magari, kuanzia kifuani mpaka karibu na taya. Na unacheza.

Mimi ni mtu wa gereji. Bomba linalorudi likijaa namna hiyo, huulizi bomba. Unauliza pampu.

Nikakaa kwenye ukingo wa hori. Kwanza sikuwaza mtamba. Niliwaza mguu ule juu ya ndoo iliyopinduliwa, na viatu vilivyochanwa kwa nyuma.

Veterineri, daktari wa mifugo wa sekta yetu, ni binti aliyekulia Uganda, amesoma sana, na mimi na yeye tulikuwa na ubishi wetu wa muda mrefu, yeye akidai nampunguzia kazi, mimi nikidai namwongezea sifa. Nilimpigia simu, akaja kesho yake asubuhi kwa pikipiki. Hakuniuliza mengi. Akamfinya mtamba juu ya mabega. Ng'ombe mzima akifinywa pale anakunja mgongo chini, huyu alikataa kukunja, akaguna. Halafu akaomba mti mrefu. Mimi upande huu, mfanyakazi wangu upande ule, tukaupitisha chini ya kifua nyuma ya viwiko, tukauinua taratibu. Mtamba akatoa sauti ile ya mzee.

"Mshusheni," akasema binti. Akaweka mpira wa kusikilizia nyuma ya kiwiko cha kushoto, akasikiliza, akafumba macho. Kisha akanivalisha mimi masikioni. "Sikiliza mwenyewe, Mzee. Wewe injini unazijua."

Moyo ninaujua unavyogonga. Huu haukugonga. Ulikuwa unachapa kwenye maji, kama nguo zinazofuliwa kwenye beseni.

"Amemeza kitu," akasema. "Msumari, waya. Kimetoboa tumbo la pili kikaenda mbele. Moyo uko karibu sana pale. Sasa mfuko wa moyo umejaa usaha, moyo hauna nafasi ya kufunguka."

"Nina sumaku," nikasema. "Za spika kubwa. Namwangushia moja tumboni ivute."

"Ingekuwa kabla, Mzee. Sumaku inashika waya uliobaki tumboni. Huu umeshatoka."

"Na kukata? Mnaweza kukata."

"Kwa hali hii? Atafia mezani. Na akipona siku mbili, ni siku mbili za maumivu." Akakunja vifaa vyake. "Mchinje. Usingoje hata kesho."

Mfanyakazi wangu alikuwa amesimama karibu na rundo la matete yaliyoletwa asubuhi ile kwa baiskeli. Akainama, akavuta fungu moja. Zamani mafungu haya yalifungwa kwa kamba ya mgomba. Siku hizi wakataji wanapita chini kwenye magereji, pale tairi zilizokwisha zinapochomwa, wanaokota nyaya zinazobaki kwenye majivu. Ni nyembamba, ni ngumu, zinashika vizuri baiskeli ikiteremka. Ukifungua fungu kwa panga, unakata waya vipande, na vipande vinaingia horini na majani. Gatsata yote tulifungua hivyo. Hakuna aliyekuwa anaangalia. Mfanyakazi wangu akaninyooshea waya ule.

Nikaingiza mkono wangu mfukoni kutafuta simu, nikautoa bila simu. Ningemwambia rafiki yangu nini?

Mfanyakazi wangu ndiye aliyenipa njia, nusu kwa kuninong'oneza. "Patro, yule mwingine uliyemnunua Masoro. Naye ni mwekundu. Doa la usoni tunaweza kulitengeneza. Mzee wa watu macho yake yamekwisha, pumzi zimekwisha, atajua nini? Anafurahi, anaenda zake. Mungu mwenyewe atakuelewa."

Sitadanganya kwamba sikuliwaza. Alikuwa mtamba mzuri, mnene kuliko huyu. Nilimzunguka nikamtazama. Lakini mimi kwenye gari nitakuambia pedi hizi za breki bado zina mwezi wakati zina wiki tatu, hiyo ni biashara. Kwenye ng'ombe sijawahi. Jina la mtu yule nimeliapia miaka yote hiyo, leo nimpe ng'ombe wa sokoni nimwambie huyu ni damu ya baba yako?

Nikampigia. Nikamwambia, "Usingoje Jumamosi. Nakuja kukuchukua sasa hivi."

"Kuna nini?"

"Ng'ombe wako yuko tayari."

Nilimleta kwa gari langu mpaka mlangoni mwa kiraro, mimi na mke wake tukamshika huku na huku. Alikuwa mzito kwa maji na mwepesi kwa nyama. Alivaa koti, alikuwa amejiandaa, na vile viatu vyake vilivyochanwa alikuwa amevipaka rangi. Tulimweka kwenye kiti. Veterineri alikuwa bado yupo, nilikuwa nimemwomba asubiri.

Rafiki yangu akamtazama mtamba muda mrefu. Macho hayakuwa yamekwisha kama alivyosema mfanyakazi wangu.

"Mzuri," akasema. "Amefanana na mama yake. Mbona amesimama hivyo?"

Nikasogea pembeni amwone vizuri. Akasema, "Mleteni karibu." Mfanyakazi wangu akamsogeza, hatua kwa hatua, mpaka kidari kikawa mbele ya magoti ya mgonjwa. Rafiki yangu akanyoosha mkono. Vidole vya fundi viatu vinajua ngozi kuliko vyangu, vikapita shingoni, vikashuka, vikafika kwenye ule mfuko. Akabonyeza kwa gumba lake. Akaondoa.

Shimo likabaki.

Yeye akavuta suruali yake juu kidogo, akainama kwa shida, akabonyeza mguu wake mwenyewe. Akaondoa kidole. Akatazama kidari, akatazama mguu.

"Yule aliyepona," akaniuliza, bila kunitazama. "Uliyesema alizaa mara mbili. Alikuwa yupi?"

Nikainama nikaanza kuondoa majani kwenye mguu wa mtamba.

"Nilijua," akasema. "Ulijibu haraka mno. Wewe jambo la kweli unalizungusha kwanza mpaka ulipambe." Na akacheka, cheko lile lililokatika. Mke wake alikuwa amegeuka anaangalia ukuta.

Nikamweleza yote. Waya, moyo, maneno ya veterineri. Nikamwambia kwamba nina mwingine mwekundu, mzima, nitampa huyo kama zawadi ya rafiki, kwa jina lake lenyewe, si kama kwitura, na kwamba mama yake huyu ana mimba, tunaweza kungoja.

"Nani angoje?" akasema.



Akaomba fimbo. Mke wake akaruka: "Unataka kumpokea? Unapokea maiti? Watu watasema nini? Binti atapata nini?"

"Binti atapata baba aliyerudishiwa," akasema. "Mama, nipe fimbo." Akaishika, akaiweka juu ya mgongo wa mtamba, taratibu kama anaogopa kumwamsha, na akasema maneno yanayosemwa, kwamba ng'ombe wake amezaa na ameliona tumbo lake, kwamba hanidai. Aliyasema kwa Kinyarwanda na sauti yake ilikuwa imara kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mfanyakazi wangu, mbishi yule, ndiye aliyepiga makofi, maana hakukuwa na wageni.

Kisha akamgeukia veterineri. "Binti yangu, anaumia?"

"Anaumia, Mzee."

"Sana?"

"Kila pumzi."

Rafiki yangu akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za kwao. "Ni ng'ombe wangu sasa," akaniambia. "Mchinjeni leo. Mimi nikae hapa, asiwe peke yake na nyinyi."

Akakaa. Hatukumwondoa. Walipokuja wachinjaji wakafungua kifua nilikuwepo, nilitaka kuona kwa macho yangu. Moyo ulikuwa umevikwa kitu cha njano kilichokauka na kutoboka toboka kama chapati iliyoungua, na uvundo uliotoka uliwafukuza wachinjaji wawili mpaka nje. Waya ulikuwa umelala pale, mfupi kama kidole changu kidogo, mweusi wa moto wa tairi. Nyaya kama zile nimezikanyaga gereji kila siku ya maisha yangu.

Veterineri akasema nyama yote ina maji na sumu, hailiwi. Rafiki yangu akauliza habari ya ngozi, ni mazoea ya kazi yake, akaipapasa ukingo mmoja akasema ingetoa viatu vizuri. Ngozi nayo ikakatazwa. Tukachimba shimo nyuma ya kiraro tukamwaga chokaa. Kwa hiyo ng'ombe niliyemrudisha baada ya miaka yote ile, hakuna aliyemnywa, hakuna aliyemla, hakuna aliyemvaa.

Leo kila ng'ombe wangu ana sumaku tumboni, na anayeniletea matete yaliyofungwa kwa waya namrudisha na baiskeli yake mpaka barabarani. Wengi Gatsata wameiga. Yule mama mwekundu alizaa mwisho wa mvua. Dume. Mtamba wa Masoro nilimpeleka mwenyewe Bugesera, watoto wanakunywa maziwa, lakini binti anajua na mimi najua kwamba yule ni zawadi tu.

Rafiki yangu hakufika mwisho wa mvua. Mara ya mwisho nilimkuta wodini, ameegemezwa mito kwa sababu akilala chali maji yanamkaba. Miguu ilikuwa nje ya shuka na sikuigusa. Mke wake alikuwa anamlisha supu kwa kijiko. Madaktari walikuwa wamemkataza chumvi. Akaonja, akasukuma kijiko, akalitaja jina langu kwa nguvu, jina langu kamili, mpaka wagonjwa wakageuka.

"Huyu kanipa ng'ombe!" akasema. "Supu hii haina chumvi hata punje!"

Kiapo hicho ni cha aliyepewa. Anayerudishiwa hakisemi, sijawahi kusikia mtu akikisema hivyo, naye alilijua hilo vizuri kuliko mimi. Nikainamisha kichwa nikajifanya natafuta kitu kwenye mfuko wa matunda.

Mgonjwa wa kitanda cha pili, kijana aliyevunjika nyonga, akamwuliza, "Mzee, ng'ombe gani huyo?"

"Mtamba," akasema rafiki yangu. "Mwekundu, ana doa hapa." Akaweka gumba lake kwenye paji la uso wake, akabonyeza.

"Anakamuliwa?"

"Bado. Bado mdogo." Akapumzika kidogo kutafuta pumzi. "Anatembea vizuri sana."

Mke wake akajaza kijiko kingine, akakishika hewani, akasubiri amalize.